Tilapia Wakihema Juu ya Maji Alfajiri: Kutunza Kidimbwi cha Nyumbani Katika Joto la Garissa

Mkazi anayefuga tilapia nyumbani mara nyingi hupata hasara kwa namna moja. Jioni samaki wanakula vizuri, asubuhi anawakuta wameelea matumbo juu. Wa kwanza kulaumiwa huwa ugonjwa, au mtu aliyemwaga sumu. Kwa kawaida si ugonjwa wala si sumu. Samaki wamekosa hewa usiku, na huenda dalili zilikuwepo siku kadhaa kabla.

Samaki hupumua oksijeni iliyo ndani ya maji, na maji yakipata joto huibeba kidogo. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu. Tilapia huhitaji karibu miligramu 5 ili akue vyema, na akikaa kwa muda mrefu chini ya 3 huanza kudhoofika. Kwa hivyo hapa Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 miezi ya Februari na Machi, mfugaji anaanza akiwa na akiba ndogo kuliko mwenzake wa nyanda za juu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii. Ule ukijani wa maji, yaani mwani, hutoa oksijeni mchana jua likiwaka. Usiku mwani huo huo hugeuka na kuivuta pamoja na samaki. Chakula kilichobaki na kinyesi kinachooza chini navyo huila. Ndiyo maana saa mbaya zaidi kwa kidimbwi ni kati ya saa kumi usiku na kuchomoza kwa jua.

Basi mfugaji afike kidimbwini saa kumi na moja alfajiri, angalau mara mbili kwa wiki. Akikuta tilapia wengi wako juu kwa pamoja, vinywa vikifunguka na kufunga, maji yamekosa hewa. Asiwape chakula siku hiyo. Aongeze maji safi, au achote maji ya kidimbwi kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, yapige kelele na kutoa povu. Mwenye pampu ndogo ya sola na betri aiwashe usiku, si mchana. Kambare ni tofauti: ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hivyo kumwona akipanda mmoja mmoja na kushuka si shida.

Kipimo cha ukijani hakihitaji mashine. Mtu atumbukize mkono wima polepole. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi: aache kutia samadi na aondoe sehemu ya maji. Kiganja kikionekana hata maji yakipita kiwiko, chakula cha asili ni kidogo.

Chanzo kikubwa cha maji kuharibika ni mkono wa mfugaji mwenyewe. Mbuzi akibakisha majani, yatakauka tu pale chini. Samaki akibakisha chakula, kinaoza ndani ya hewa anayoivuta na kutoa amonia, ambayo huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto. Chakula cha kutosha ni kile wanachokimaliza kwa dakika 10 hadi 15. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni zinafaa kuliko adhuhuri.

Maji yenyewe yana tabia kulingana na yanakotoka. Ya mto Tana hubeba tope linaloziba matamvua. Yaachwe yatulie kwenye pipa, kisha yachujwe kwa kitambaa ili kambare wa mwituni wasiingie wakala vifaranga. Ya bomba yana klorini, kwa hivyo yakae wazi siku moja au mbili kwanza. Ya kisima kirefu hutoka na oksijeni kidogo na pengine chumvi, nayo yamwagwe kutoka juu yachanganyike na hewa.

Katika jamii ya wafugaji kuna hatari ambayo vitabu vya samaki huitaja kwa nadra: dawa ya kupe. Nyingi kati ya dawa hizo zina pairethroidi, ambayo kwa samaki ni sumu kali hata ikiwa kidogo sana. Ndoo iliyotumika kuogesha mbuzi isiingie kidimbwini hata baada ya kusuuzwa, na mifugo isinyunyiziwe upande upepo unakotoka kuelekea majini. Sindano za oksitetrasaiklini za ngamia na ng'ombe pia zisimiminwe humo kwa kubahatisha. Samaki wanaodhoofika mmoja mmoja, wenye vidonda au utando mweupe kama pamba, waonyeshwe afisa wa uvuvi. Uvuvi ni miongoni mwa kazi zilizogatuliwa kwa kaunti na Katiba ya 2010, na ushauri huo huombwa kwenye idara ya kaunti.

Kabla ya kuchimba, familia ipige hesabu ya maji. Kidimbwi cha mita 3 kwa 4, chenye kina cha mita moja, kinabeba lita 12,000 na kinatosha tilapia 24 hadi 36, si mia mbili. Kila sentimita moja inayokauka juani ni lita 120, yaani mitungi sita ya lita 20. Nyumba inayonunua maji kwa mkokoteni ijiulize kama itaweza kwa miezi sita hadi minane, muda ambao tilapia huchukua kufikia uzito wa kuuzwa. Wavu wa kivuli juu ya nusu ya kidimbwi hupunguza joto na mkauko. Ukitandazwa wote huwazuia pia kongoti na ndege wengine, lakini hapo uwe wa matundu makubwa, mwanga upite.

Kidimbwi kisichimbwe kwenye nyanda za mafuriko. Tana ikifurika huchukua samaki na kuleta mamba. Na kikiachwa bila samaki, kimwagwe maji na kukaushwa wiki hiyo hiyo. Tilapia hula viluwiluwi vya mbu. Wakiisha, maji yaliyotuama huwa mazalio ya mbu, na Garissa iliona mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa mwishoni mwa 2006.