Namna za kutimiza kiasi cha fedha kwa sarafu

Namna za kutimiza kiasi cha fedha kwa sarafu ni swali la hisabati linalouliza: tukiwa na sarafu za thamani fulani, kila aina bila kikomo, je, kiasi fulani kinaweza kutimizwa kwa namna ngapi tofauti?

Mpangilio hauhesabiwi

Namna mbili ni tofauti ikiwa idadi ya sarafu za aina mojawapo inatofautiana. Haijalishi sarafu ipi imetangulia kuwekwa mezani. Kwa mfano, shilingi 200 za Tanzania hupatikana kwa sarafu za 50, 100 na 200 kwa namna 4:

- 200
- 100 + 100
- 100 + 50 + 50
- 50 + 50 + 50 + 50

Anayehesabu na mpangilio atapata 6, kwa kuwa namna ya tatu peke yake hupangika mara 3.

Njia ya kuhesabu

Kiasi kikiwa kikubwa, kuorodhesha huleta makosa: namna nyingine hurukwa, nyingine hurudiwa. Njia salama ni kuanza na sarafu ndogo kabisa, kisha kuongeza aina moja moja.

Kila inapoongezwa aina mpya, namna zote hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza halina sarafu mpya hata moja. Namna hizo zimekwisha kuhesabiwa. Kundi la pili lina angalau sarafu mpya moja. Tukiiondoa hiyo moja, hubaki namna za kutimiza kiasi kilichopungua. Kwa hiyo:

*Namna za kiasi = namna za kiasi hicho bila sarafu mpya + namna za (kiasi − thamani ya sarafu mpya), sarafu mpya ikiruhusiwa*

Kiasi cha 0 kina namna 1, yaani kutotoa sarafu yoyote.

| Sarafu zilizopo | 0 | 100 | 200 | 300 | 400 | 500 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 50 | 1 | 1 | 1 | 1 | 1 | 1 |
| 50, 100 | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 |
| 50, 100, 200 | 1 | 2 | 4 | 6 | 9 | 12 |
| 50, 100, 200, 500 | 1 | 2 | 4 | 6 | 9 | 13 |

Katika mstari wa tatu, 12 ya shilingi 500 ni 6 iliyo juu yake, kujumlisha 6 ya shilingi 300 katika mstari huohuo. Jedwali likiendelezwa, shilingi 1,000 huwa na namna 49.

Katika programu za kompyuta

Kompyuta hujaza jedwali hili kwa haraka, lakini utaratibu ni muhimu. Programu ikimaliza viasi vyote kwa aina moja ya sarafu kabla ya kuingia aina nyingine, jibu huwa sahihi. Ikichukua kiasi kimoja na kujaribu sarafu zote ndipo iende kiasi kinachofuata, itahesabu na mpangilio: kwa shilingi 200 itatoa 6 badala ya 4.

Historia

Swali hili ni jamaa wa swali la kugawa namba nzima katika mafungu, ambalo Leonhard Euler alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1748, *Introductio in analysin infinitorum*. Mwaka 1956 George Pólya alitumia mfano wa dola 1 ya Marekani: kwa sarafu za senti 1, 5, 10, 25 na 50 kuna namna 292. Nchini Uingereza, pauni 2 hutimizwa kwa sarafu zao nane, kuanzia peni 1 hadi pauni 2, kwa namna 73,682.