Kivu: Majani ya mifugo si ya bure tena, na mfugaji mdogo ndiye anayelipa

Zamani, katika milima ya Masisi, Kabare na Walungu, hakuna aliyeuliza bei ya majani. Ng'ombe alitolewa asubuhi, akala kando ya njia na juu ya kilima, akarudi jioni akiwa ameshiba. Mwenye mbuzi wawili alimtuma mtoto akate majani bondeni, na kazi ikaishia hapo.

Leo mambo yamegeuka. Katika miji ya Goma na Bukavu na vijiji vya kandokando, majani ya mifugo yanafungwa mafungu, yanabebwa kichwani, kwenye baiskeli, pikipiki au chukudu, na kuuzwa kama vile sombe na makala. Kiangazi kinapofika, mwezi wa sita hadi wa tisa, fungu linapungua na bei inapanda.

Kwa familia nyingi za Kivu hili si jambo dogo. Huku kwetu farasi ni wachache sana. Anayehesabiwa ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, sungura, na dende, ambaye wengine humwita simbiliki. Hao ndio banki ya nyumba. Wanauzwa mtoto anapofukuzwa shuleni kwa kukosa minervali, mgonjwa anapolazwa, au kijana anapotafuta mahari. Chakula cha mnyama kikipanda bei, banki hiyo inaanza kuliwa na mnyama mwenyewe.

Kwa nini bei inapanda?

Sababu ya kwanza ni vita. Malisho makubwa ya Kivu ya Kaskazini yako Masisi, kwenye milima yenye baridi ambako hutoka maziwa na fromaji inayojulikana hadi Kinshasa. Tangu mapigano ya M23 yaliporudi mwishoni mwa mwaka 2021, eneo hilo limeguswa mara nyingi. Mifugo imeibiwa, na mingine imehamishwa. Walioponyoka na ng'ombe wao wanajikuta wengi mahali padogo. Makundi matatu yakila kwenye kilima kilichotosha kundi moja, majani hayapati nafasi ya kuota tena.

Vita pia vinarefusha safari. Mkata majani haendi tena kwenye bonde lenye majani mengi ikiwa njia inatisha. Anakata karibu na nyumba, na majani yakiisha hapo anakwenda mbali kidogo, huku akibeba hatari pamoja na mzigo. Hatari hiyo nayo inaingia katika bei, hata kama hakuna anayeitaja.

Sababu ya pili ni ardhi. Kabare na Walungu zina watu wengi sana, na jamaa nyingi hazifikishi hata hekta moja ya shamba. Pale palipokuwa na majani sasa pana maharagi, mihogo au nyumba. Goma nayo imejengwa juu ya mawe ya volkeno. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikarudia Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Lava mpya hukaa miaka mingi kabla ya kuotesha majani ya kutosha mnyama. Upande wa kaskazini mwa mji kuna Hifadhi ya Virunga, ambamo kuchunga na kukata majani hakuruhusiwi. Kwa hiyo mji wenye wafugaji wengi wa nyuma ya nyumba hauna malisho yake wenyewe.

Sababu ya tatu inaigusa zaidi Bukavu. Kwa miaka mingi wafugaji wa ng'ombe na nguruwe wa mji huo walitegemea dreshi, yaani machicha ya nafaka yanayobaki baada ya kutengeneza bia katika kiwanda cha Bralima. Dreshi ina protini kuliko majani ya kawaida, na ilisaidia hasa wakati wa kiangazi. Februari 2025, Bukavu ilipoingia katika vita, kazi ya kiwanda ilisimama. Juni 2025 kampuni ya Heineken, iliyokuwa mwenye Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imeondoa wafanyakazi wake Goma na Bukavu kwa sababu haikuwa tena na udhibiti wa maeneo yake huko. Watu wengi walizungumzia Primus. Wachache walimkumbuka mfugaji aliyekuwa anangojea machicha. Naye, akikosa dreshi, anageukia majani, na wanunuzi wa majani wanaongezeka.

Unaponunua fungu, unanunua nini?

Hapa kuna hesabu ambayo wafugaji wengi hawaifanyi, na inawapotezea makuta kila siku.

Majani mabichi yana maji mengi kuliko chakula. Katika kilo 20 za majani mabichi, chakula chenyewe ni kama kilo 4 tu. Kilo 16 zinazobaki ni maji. Mgomba ni mbaya zaidi, kwa kuwa zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za shina lake ni maji. Chukudu iliyobeba kilo 200 za majani mabichi kutoka mbali imebeba kilo 40 za chakula na kilo 160 za maji. Anayesukuma analipwa kwa zote mbili.

Majani yaliyokaushwa vizuri ni tofauti. Katika robota la kilo 20, yaani balo kama lile la nguo za soko, kuna kilo 17 za chakula. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Fungu bichi la kilo 20 likiuzwa franka 2000, kila kilo ya chakula inagharimu franka 500. Robota la kilo 20 likiuzwa franka 6000, kila kilo ya chakula inagharimu franka 353 hivi. Kwa macho robota ni ghali mara tatu. Ndani ya tumbo la ng'ombe ni rahisi kuliko fungu.

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anahitaji kwa siku takriban kilo 6 za chakula kisicho na maji. Hizo ni kama kilo 30 za majani mabichi, au zaidi kidogo ya kilo 7 za majani makavu. Kwa siku 90 za kiangazi, mabichi yanapita tani 2 na nusu. Makavu ni marobota 32 hivi. Hesabu hii inaonyesha kwa nini anayesubiri hadi mwezi wa nane ndipo aanze kutafuta majani hawezi kushinda.

Gharama isiyoandikwa popote

Mahali ambapo majani hayanunuliwi kwa pesa, yananunuliwa kwa miguu. Wanaokwenda kuyakata ni hasa akina mama na watoto. Mama aliyekwisha kuteka maji, kulima na kutafuta kuni anaongeza mzigo wa majani juu yake. Mtoto anayekwenda mbali kutafuta chakula cha mbuzi kabla ya shule anafika darasani amechelewa na amechoka. Mahali penye usalama mdogo, mama na msichana ndio wanaokutana na hatari porini.

Kisha kuna bei ya kuuza kwa kulazimishwa. Mfugaji akikosa majani katikati ya kiangazi, anaamua kuuza mnyama. Lakini jirani zake nao wameamua hivyo hivyo. Soko linajaa ng'ombe na mbuzi waliokonda, na mnunuzi ndiye anayeamua bei. Mvua ikirudi na majani yakaota, yule aliyeuza hana uwezo wa kununua mwingine. Pamoja na mnyama yamepotea maziwa ya watoto na mbolea ya shamba, na maharagi ya msimu unaofuata yatalisikia pengo hilo.

Kukausha majani wakati bado yapo

Dawa moja iko karibu, nayo ni kukausha majani mwishoni mwa mvua. Katika Kivu, wakati mzuri ni mwisho wa mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa sita, pale mvua zinapokatika na majani yangali ya kijani. Yakatwe yanapoanza kutoa maua. Ukingoja mbegu zikomae, unakausha vijiti visivyo na nguvu.

Yatandazwe juani siku 2 hadi 3 na kugeuzwa mara kadhaa kila siku. Usiku au wingu likija, yakusanywe na kufunikwa. Yakiwa tayari huvunjika kidogo ukiyasokota mkononi, lakini rangi ya kijani inabaki na harufu ni nzuri. Yakihifadhiwa yangali na unyevu yataota ukungu, na majani yenye ukungu humdhuru mnyama, hasa mwenye mimba.

Mashine ya kufunga haihitajiki. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 50 na kina cha 40, lililo wazi juu na chini, linatosha. Kamba mbili zinatandikwa ndani, majani yanajazwa na kukanyagwa kwa miguu, kisha kamba zinafungwa. Robota linalotoka huwa na kilo 20 hivi. Seremala wa mtaani anaweza kulitengeneza sanduku hilo kwa siku moja, na jamaa 10 zinaweza kulitumia kwa zamu.

Si majani yote yanayofaa kwa kazi hii. Yenye shina jembamba hukauka vizuri. Matete yana shina nene, kwa hiyo ni bora kuyakatakata na kuyatoa yakiwa mabichi. Mabua na maganda ya maharagi yaliyobaki baada ya kupura ni chakula kizuri sana, lakini mara nyingi huchomwa au huachwa yanyeshewe. Katika bonde la Ruzizi, majani ya mpunga nayo yanaweza kukusanywa. Nguvu yake ni ndogo, lakini yanajaza tumbo pale mnyama anapopata pia kitu chenye protini.

Kupanda badala ya kutafuta

Asiye na malisho anaweza kuwa na ukingo. Kwenye miteremko ya Kabare, Walungu na Masisi, mistari ya kuzuia mmomonyoko inaweza kupandwa matete, setaria au tripsakumu, majani yanayojulikana katika milima yetu kwa miaka mingi. Yanashika udongo na yanalisha mnyama, bila kuchukua nafasi ya maharagi. Kituo cha utafiti cha INERA kule Mulungu na Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika, UEA, mjini Bukavu, vimefanya kazi juu ya mimea ya malisho katika milima hii. Elimu hiyo iko karibu na wakulima, kinachokosekana mara nyingi ni mbegu na vipando kufika kijijini.

Mti wa kaliandra nao husaidia. Kilo 3 za majani yake mabichi zinakaribia nguvu ya kilo 1 ya chakula cha kiwandani kwa ng'ombe wa maziwa. Ukipandwa kama ua wa nyumba, unatoa protini ambayo dreshi ilikuwa inaitoa, japo kwa kiasi kidogo. Kwa anayefuga ndani ya mji, matembele na maganda ya ndizi kutoka jikoni yanapunguza mafungu ya kununua. Maganda ya mihogo michungu yaanikwe kwanza juani, kwani yana sumu. Viazi vitamu vilivyooza na kuota ukungu visipewe ng'ombe kabisa, kwa kuwa vinaweza kuharibu mapafu yake.

Yasiyotegemea mfugaji peke yake

Itakuwa uongo kusema kwamba sanduku la mbao litamaliza tatizo. Marobota 32 hayakimbii. Aliyelazimika kuhama usiku na ng'ombe wake anayaacha nyuma, na anayeogopa kuhama kesho hana moyo wa kuweka akiba leo. Masisi juu, mvua na ukungu wa milima vinaweza kuharibu majani kabla hayajakauka. Na asiye na ardhi hana pa kupanda hata ukingo mmoja.

Kwa hiyo koperative za wafugaji, wakubwa wa vijiji na wale wanaosaidia waliohamishwa wana kazi yao. Kukubaliana ni kilima gani kinalishwa mwezi gani, na kipi kinaachwa kipumzike, hakuhitaji dola hata moja. Kununua majani makavu kwa pamoja mwezi wa sita na kuyagawa mwezi wa nane kunawezekana kwa kikundi kidogo. Mashirika yanayogawa mbuzi au sungura kwa jamaa zilizorudi vijijini yangeuliza kwanza swali rahisi: mnyama huyu atakula nini katika kiangazi chake cha kwanza? Kugawa mnyama bila majani ni kumpa maskini deni lenye miguu minne.

Bei ya majani haitarudi kuwa sifuri katika miji yetu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kununua katikati ya kiangazi kwa bei ya mwenye shida na kuweka akiba mvua ikiwa bado ardhini. Wafugaji wa Kivu hawana mamlaka juu ya vita wala juu ya volkeno. Juu ya wiki tatu za mwanzo wa kiangazi, wale walio na usalama kidogo na ukingo wa shamba bado wanayo.