Je, Wajua? Sokwe Aliyejipigia Debe

Je, wajua kwamba mwaka 1964 huko Gombe, mkoani Kigoma, sokwe dume aliyeitwa Mike alipata ukubwa kwa kujipigia debe? Si fumbo. Aliokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini kwa mtafiti Jane Goodall, akawa anayabamiza na kuyasukuma mbele yake huku akiwakimbilia wenzake. Kwa kishindo kile hata waliomzidi nguvu walitawanyika. Goliath, aliyekuwa mkubwa wao, aling'oka bila kipigo kushuhudiwa. Wanasiasa wetu wasidhani ufundi huo ni wao.

Je, wajua kwamba sokwe hao hao walipigana vita? Kati ya 1974 na 1978, kundi la Kasakela liliwavizia mmoja mmoja madume wa Kahama, waliokuwa wamejitenga nalo, mpaka wakaisha. Jana walikuwa wakitoana chawa. Ndugu wakigombana, kumbe si wote wa kuwachukulia jembe ukalime.

Je, wajua kwamba Flo, mama mashuhuri wa Gombe, alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint aligoma kula, akajikunyata, na kabla ya mwezi kwisha akamfuata?

Je, wajua kwamba tuna binamu mwingine? Ni bonobo, ambaye porini huishi Kongo-Kinshasa tu, kusini mwa Mto Kongo. Kwao majike hushikamana, na dume mkorofi hukiona cha mtema kuni. Makundi mawili yakikutana, mara nyingi hula pamoja. Undugu wetu wa damu na bonobo ni sawasawa na ule wa sokwe. Basi anayedai kwamba binadamu kaumbiwa vita kwa kuwa sokwe huuana, mwulize huyu binamu wa pili kamwacha wapi.

Je, wajua kwamba hata nyani hubadilika? Maasai Mara, Kenya, miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kugombania makombo jalalani kwenye hoteli ya watalii. Wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa, wakabaki wapole. Miaka kadhaa baadaye mtafiti Robert Sapolsky alikuta madume wote ni wageni, kwani nyani dume akibalehe huhama kwao. Lakini upole ulikuwa ule ule. Wageni waliukuta, wakaufuata.