Fyuzi: Mlinzi wa Karakana

Karakana ya ushirika huweza kuwa na mashine za kukereza, kuranda na kuchomelea, zote zikivuta umeme kwa waya mmoja. Joto linalozalishwa katika waya hulingana na mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara 4. Hivyo, waya uliokusudiwa kubeba ampea 15 ukibebeshwa 30, kihami chake huweza kuyeyuka na moto kuzuka. Fyuzi hukatika mapema ili waya usalimike. Anayeitia waya mnene ili isikatike tena hajatibu ugonjwa, bali amemfukuza mlinzi. Tiba ni kugawa mzigo: kila mashine kubwa ipewe saketi yake, yenye fyuzi inayolingana na unene wa waya, na mwili wake wa chuma uunganishwe na ardhi.