Mchora Picha wa Nchi ya Migomba



Mtoto achorapo ukutani kwa mkaa, mara nyingi hukemewa kwamba anapoteza wakati na kuchafua nyumba. Tena wengi hudhani ya kuwa kuchora picha ni kazi ya Wazungu tu, wala haina faida. Basi yafaa tuyatazame maisha ya Sam Joseph Ntiro, mtu wa nchi ya migomba na kahawa kama hii yetu.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, mlimani Kilimanjaro. Alipokua alikwenda Makerere, ng'ambo ya Ziwa, akafundishwa na Bibi Margaret Trowell. Bibi huyo hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya, bali wachore mambo wanayoyajua kwao. Ntiro alipokwisha kuhitimu, akawa mwalimu papo hapo Makerere. Hata mwaka 1952 akaenda London, katika chuo cha uchoraji kiitwacho Slade, akasoma huko mpaka 1955.

Mtu mwingine angaliona haya kuchora mambo ya kijijini mbele ya mabingwa wa London. Yeye hakuona haya. Aliporudi aliendelea kuchora yale yale: migomba, vilima, na watu wengi wakifanya kazi pamoja. Mwaka 1956 alichora watu wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mhaya aionapo picha ile hana haja ya mfasiri, maana rubisi ya arusi anaijua. Nayo ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa za kisasa la New York, Marekani. Angalieni basi: watu wa mji ule mkubwa walikubali picha ya mgombani.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mwalimu huyu alitumwa kuwa Balozi wetu Uingereza, akakaa huko hata 1964. Baadaye alitumika katika mambo ya utamaduni wa taifa. Alifariki mwaka 1993.

Wala uchoraji si mgeni kwetu. Kule Bwanjai wazee wa kale waliacha michoro ya rangi nyekundu juu ya majabali. Na katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Bezaleli, ambaye Mungu mwenyewe alimjaza ustadi wa mikono ili aitengeneze hema takatifu.

Kwa hiyo, ndugu, mkimwona mtoto mwenye kipawa hiki, msimpige. Mpeni karatasi na kalamu. Mwambieni achore kibanja cha baba yake, mama akirudi kisimani, na mitumbwi ya wavuvi ziwani. Akimaliza, itundikeni picha yake mahali ambapo wageni wataiona.