Kipimo, naitrojeni na naitreti

Neno kipimo limebeba maana tatu ambazo katika mazungumzo ya kawaida hazigombani: chombo cha kupimia, tendo la kupima, na kiasi kilichopatikana. Anayesema «kipimo kimeharibika» huenda anakusudia mashine. Anayesema «kipimo kimezidi» anakusudia kiasi. Katika taarifa ya maji ya kunywa inafaa kuzitenga. Kwa mfano wa kipimajoto na kipimamvua, chombo chaweza kuitwa kipimanaitreti, na sehemu yake izamayo majini kihisi. Kikipima chenyewe bila mtu kwenda kuchota sampuli, ni cha kujiendesha. Otomatiki nalo limekwishazoeleka.

Utata mzito zaidi umo katika jina la kinachopimwa. Mkoa wa Singida ni mkavu, mvua zake ni za msimu mmoja, na watu wengi hutegemea maji ya ardhini. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo au zizi la ng'ombe hupokea naitrojeni ya mkojo na kinyesi, ambayo bakteria wa udongoni huigeuza kuwa naitreti. Haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, huzidi kukolea. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyweshwaye maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo yumo hatarini, kwa kuwa damu yake yaweza kushindwa kubeba oksijeni ya kutosha.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Mashine nyingi, hata hivyo, hutoa jibu kwa uzito wa naitrojeni peke yake, na kwa hesabu hiyo kikomo kilekile huwa 11 hivi. Sababu ni kwamba katika kila sehemu 62 za uzito wa naitreti, naitrojeni ni 14 tu. Zilizobaki ni oksijeni. Mashine ikionyesha 20, basi, maji ni salama ikiwa ni naitreti. Ikiwa ni naitrojeni, hiyo ni naitreti 89 hivi, nayo hayamfai mtoto mchanga. Mwandishi wa taarifa na aandike kwa ukamilifu: «naitreti 20» au «naitrojeni ya naitreti 20». Naitraiti nayo, inayotofautiana na naitreti kwa sauti ndogo tu, ina kikomo chake cha miligramu 3.

Aina ya kihisi pia itajwe. Kihisi cha elektrodi hupotoshwa na kloridi, jambo la kuangaliwa sana katika mkoa wenye maziwa ya chumvi kama Singidani na Kindai. Kihisi cha mwanga wa urujuanimno hakisumbuliwi sana na chumvi hiyo, ila maji ya tope hukizuga.