Mtoto Mtoro: Anzia Kwenye Daftari la Mahudhurio

Wazazi wengi hufika kwa afisa wa watoto wakiwa wamechelewa. Kijana ameshachapwa, ameshatishiwa polisi, ameshapelekwa kwa mjomba Mombasa na kurudishwa nyumbani Mutomo. Ombi lao huwa moja: achukuliwe, apelekwe mahali akanyooshwe.

Kinachowachelewesha ni aibu. Tumezoea kuambiana kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo, kwa hiyo anayekiri kuwa mwanawe amemshinda huona amejishtaki. Sheria haimwoni hivyo. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inamweka mtoto mtoro, pamoja na yule ambaye wazazi wake wamelemewa na malezi, katika kundi la watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi. Huyo hajashtakiwa kwa kosa lolote, na mzazi wake ana haki ya kuomba msaada.

Hatua ya kwanza ni shuleni. Mwombe mwalimu wa darasa mfungue pamoja daftari la mahudhurio, mrudi nyuma muhula mzima. Idadi ya siku alizokosa haitoshi. Tazameni ni siku zipi. Msichana anayekosa siku chache zinazofuatana kila mwezi huenda hana sodo. Anayekosa siku za soko huenda anabeba mizigo ili apate hela. Anayefika asubuhi na kutoweka kabla ya somo fulani huenda anamkwepa mwalimu, au kuna wenzake wanaomwonea. Akipotea kila karo inapoitishwa, tatizo ni mfuko wa mzazi. Msimu wa ukame foleni ya maji inaweza kumaliza asubuhi nzima, na mtoto aliyetumwa na mitungi si mtoro. Lakini kijana aliyepotea wiki mbili mfululizo kisha akarudi na simu mpya, mtafuteni kwenye machimbo ya mchanga ya mto Tiva au kwenye steji ya bodaboda. Ameonja pesa, na fimbo haishindani na pesa.

Mwalimu mkuu hafanyi hisani anapofuatilia hayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka achunguze kwa nini mwanafunzi hafiki shuleni, na pasipo sababu ya maana, amshauri na kumwonya mzazi, kisha apeleke ripoti kwa bodi ya elimu ya kaunti. Viboko havimo: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya kupigwa.

Shule ikishindwa, nendeni kwa chifu au naibu wake. Yeye anajua nani huwaajiri watoto mtoni na nani huwauzia muguka, na anaweza kuwaita watu hao pia, badala ya kumkemea kijana peke yake.

Kisha kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kazi yake ni kumsikiliza mtoto mbali na mzazi, kuzuru nyumbani, na kuwasaidia nyote mkubaliane kuhusu mambo machache yanayowezekana: saa ya kurudi, kazi za nyumbani, nani atazungumza na shule. Kijana akiwa anatumia bangi au pombe, au amejifungia na halali usiku, hayo ni ya hospitali. Simu ya watoto, 116, hupigwa bure saa yoyote, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Mahakama ni mlango wa mwisho. Shule za kurekebisha tabia kama Wamumu, Kirinyaga, iliyoanza katika miaka ya 1950 kama kambi ya vijana waliozuiliwa wakati wa Mau Mau, hazipokei mtoto kwa ombi la mzazi tu. Ni lazima kuwe na amri ya mahakama. Na anayepelekwa huko atarudi siku moja kwenye nyumba ileile, kwa hiyo kazi ya nyumbani haikwepeki.

Ukienda kwa afisa, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua ya shule na tarehe mlizonakili kwenye daftari. Usisubiri muhula uishe. Aliyekosa wiki mbili bado ana kiti chake darasani; aliyekosa mwaka atarudi kuketi na wadogo zake, na hapo ndipo wengi hukataa kabisa.